Mfungo wa Siku Tatu

Ganako, Karatu
Jumatatu, mwezi wa kumi na moja

Dada yangu mpendwa Bernadina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Leonce na watoto, na kwamba ukungu wa Oldeani haujakurudishia kile kifua. Sisi huku mvua bado tunaitazama mawinguni, na mashamba ni vumbi tupu. Afya ninayo. Amani ndiyo sina, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenihurumia, nami nisingefika mwisho.

Unakumbuka nilivyokabidhiwa kikundi cha uinjilisti cha kanisa letu. Mwaka wa kwanza watu walichelewa maombi, wakabishana mbele ya wenyeji, watatu wakaacha. Mchungaji aliniita akaniambia kwa upole kwamba pengine nina karama ya kuhubiri lakini sina ya kuongoza. Neno lile lilinichoma, dada. Nikabadilika. Aliyechelewa nilimwacha stendi, na aliyebisha nilimwambia akabishie kwao. Watu wakanyooka, nami nikadhani wananiheshimu.

Mwezi wa saba tulipanga kwenda vijiji vya upande wa Wasso, watu saba, siku sita. Nilitangaza kwamba siku tatu za kwanza tutafunga wote mpaka jua lizame. Loserian, mzaliwa wa huko anayetutafsiria Kimaasai, aliuliza kama na wagonjwa wamo. Nikamjibu mbele ya wote kwamba mgonjwa abaki nyumbani anywe uji. Wakacheka. Eva hakucheka.

Eva unamjua vizuri, mwalimu wetu wa kwaya, binti wa jirani yako Mama Angelina. Siku ya pili alasiri, katikati ya mkutano, alianza kutetemeka. Jasho lilimtiririka na maneno yake hayakueleweka. Akakaa chini. Wengine walisema ni pepo. Tukamzunguka tukaomba, mimi nikiongoza. Loserian alinyamaza katikati ya maombi, akauliza kwa nguvu, "Huyu ana ugonjwa gani? Nani anajua?" Tukaendelea kuomba. Muda si mrefu Eva akalala, akawa anakoroma tu, hata ukimwita haitiki. Loserian akakimbia kutafuta gari. Barabara za kule unazijua. Tulifika hospitali jua limeshazama, na kesho yake saa nne asubuhi akafariki.

Daktari alisema sukari ilishuka mno, kwa muda mrefu mno. Eva alikuwa mtu wa sindano ya kisukari. Asubuhi ile alijichoma, na hakula.

Msibani nilisimama nikasema kwamba Eva alituficha ugonjwa wake kwa jinsi alivyoipenda kazi ya Mungu. Watu walilia. Wewe mwenyewe ulimfariji Mama Angelina kwa maneno hayo hayo. Lakini yeye akauliza: kama mwanangu alificha, mume wake je, alikuwa wapi asiseme? Mume huyo, Lazaro, wiki ile alikuwa amepeleka watalii kreta kutazama wanyama. Aliapa kwamba Eva alimwambia ameshaongea na kiongozi wake. Hakuna aliyemwamini, kwa kuwa kiongozi ni mimi. Mama Angelina akamchukua mjukuu wake, mtoto wa Eva na Lazaro, na mpaka leo Lazaro akija huko haruhusiwi kuvuka geti. Hayo umeyaona kwa macho yako.

Dada, Lazaro alisema kweli. Eva aliniambia.

Jumamosi kabla ya safari aliniita nyuma ya kanisa, akanionyesha kikasha cha dawa. Akasema, "Kaka Wilibrodi, nikichoma hii bila kula naanguka. Niruhusu nile kidogo, hata kwa kujificha." Nikamwambia nikimruhusu yeye, kesho watakuja wanne. Asubuhi ile ya siku ya pili akaniuliza tena. Nikamwambia avumilie mpaka jioni, au apande basi arudi Karatu, na kwaya atapewa mwingine.

Na hilo silo baya kuliko yote. Wakati anatetemeka, bado anaweza kumeza, mama mmoja wa boma tulilofanyia mkutano alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwangu na birika la chai ya maziwa, ya sukari. Niliiona chai. Swali la Loserian nililisikia. Nikafumba macho, nikapandisha sauti ya maombi, kwa sababu ningesema mpeni chai, wote wangejua kwamba nilikuwa najua.

Ijumaa niliwaambia wazee wa kanisa. Mmoja alishauri yaishie mle ndani, nipumzike miezi sita kisha nirejee. Nilikataa, nikakabidhi uongozi na funguo za kanisa. Loserian, ambaye aliacha kikundi tangu msiba, alikuwa ameitwa. Alisema alinishuku siku ile ile, kwa sababu daktari alipotaja kisukari, mimi peke yangu sikushtuka.

Jumamosi nilikwenda kwa Lazaro. Nilimkuta anaosha gari. Alinisikiliza mpaka mwisho, kitambaa kikimchuruzika maji miguuni, kisha akauliza, "Alikuomba mara ngapi?" Nikasema mara mbili. Akasema, "Nenda kamwambie mama mkwe, kwa mdomo wako. Halafu hapa kwangu usirudi." Hakunigusa. Laiti angenipiga.

Nitafika Alhamisi kwa gari la asubuhi. Nakuomba usimwandae Mama Angelina kwa maneno matamu, wala usikae upande wangu. Nikimaliza nitatoka, wewe ubaki naye. Akinifukuza, akinipeleka polisi, usimzuie. Ila mtoto arudishwe kwa baba yake. Hilo lisimamie, hata kama tangu siku hiyo hutataka tena kuniita mdogo wako.

Wasalimie watoto. Shemeji mpe barua hii aisome mwenyewe, nisije nikakuachia mzigo wa kumsimulia. Mungu awatunze, na amtunze Mama Angelina kwa siku hizi tatu ambazo bado hajajua.

Ni mimi mdogo wako,
Wilibrodi