Papa Barthélemy Nzabandora, Kapita Aliyebaki Chini ya Barabara

Mwaka umetimia sasa, Papa Godelieve, tangu ile tarehe tano ya mwezi wa kumi na moja 1954, wakati ulitoka hapa Kingi asubui na jembe mu bega, ukasema utarudi kula. Ndizi zako nilizifunika na sahani. Zilioza pale pale, na sikukubali muntu azitupe.

Mwalimu Edmond njo anaandika, na mimi Agathe, muke wako na mama wa Godelieve wetu, ninasema. Ameniambia kumbukumbu inasemwa kwa upole, na maneno ya kufariji watu. Nimemuambia aandike tu vile ninavyosema. Maneno ya kufariji nimeyasikia mwaka muzima, na wewe ungali kule ulipo.

Wasiokujua wajue basi. Ulikuwa kapita, musimamizi wa kazi, wa barabara ya Leta, ile serikali ya Wazungu, kile kipande kinachoshuka kutoka Masisi kuelekea Walikale, mahali kamio za mizigo zinapita na maharagi yetu na kurudi na mawese ya Hombo. Makantonye makumi mbili na ine walikuwa chini yako. Walilima majani ya kando, walizibua mifereji, waliweka mawe mahali barabara imetoboka. Hukuwapiga. Hukuwatukana mama zao, kama makapita wengine. Ukikasirika ulikuwa unanyamaza na kupiga chafya, watu wanacheka, mwisho na wewe unacheka.

Ulipenda kuimba mu Misa, Mungu akusamehe ile sauti. Ulipenda kukaa na mama yako Nyiraneza mukimenya maharagi pamoja, kazi wanaume wa hapa wanaionea haya. Godelieve alipougua surua ulimubeba mugongoni mupaka Masisi, ukimuonyesha kila daraja na kumutajia jina la aliyelijenga. Mutoto alikuwa na homa kali, lakini yale majina anayajua mupaka leo.

Kazi ulikuwa unapima na mikono yako mwenyewe. Kila asubui ulinyoosha mikono yote mbili juu ya kamba, ncha ya kidole mupaka ncha ya kidole, na hiyo njo pima moja. Pima kumi kwa kila muntu, akimaliza anarudi kwake. Lakini muzee akifika, ao mugonjwa, ao yule aliyezika juzi, ulikuwa unakunja viwiko kidogo. Ulihesabu na sauti ile ile, moja, mbili, tatu, na kamba inakuwa fupi. Kila muntu aliona. Hakuna aliyelalamika, maana kila mumoja alijua siku yake ya kukunjiwa itafika. Vijana walikuita Papa Viwiko, na wewe ulijifanya kama husikii.

Halafu ikaja ile amri. Ilikuwa mwaka wa 1953, kiangazi kikiisha. Muzungu mupya wa barabara aliwaita makapita wote mu biro. Alisema mambo ya pima, ya hatua na ya mikono yamekwisha. Kila kazi ya Leta itapimwa kwa metre, kutoka daraja mupaka shimo la choo. Akakupa fimbo ya metre moja, ya mbao, imepakwa nyekundu na nyeupe, na namba yake. Kila kantonye atalima metre makumi mbili kwa siku. Ulinisimulia kwamba wewe peke yako njo uliinua mukono.

"Na wazee, Bwana?"

"Metre haijue muzee," akajibu, akafunga kitabu.

Ulifika nyumbani ukailaza ile fimbo juu ya meza. Watoto walifurahi sana. Siku ile tulipima kila kitu: mulango, kitanda, mbuzi. Hubert alitaka apimwe mara tatu. Ukanisimamisha na mimi kwa ukuta, ukasema, "Mama Godelieve iko metre moja na nusu. Maneno yake sasa, fimbo haitoshe." Nilikupiga na kitambaa. Ayi, tulicheka siku ile! Halafu watoto wakatoka nje, ukaishika fimbo juu ya magoti, ukajaribu kuikunja, polepole, kama unacheza.

"Hii haina kiwiko," ulisema.

Nilidhani unataka kunichekesha. Nikakutazama, nikaona hapana.

Kesho yake ulichukua kamba yako ya zamani ukaipima na fimbo, peke yako, nyuma ya nyumba. Ukarudi ukaniambia: pima kumi za kunyoosha zilikuwa metre kumi na nane. Zile ulizokuwa unamupimia Muzee Evode zilikuwa metre kumi na mbili. Na sasa angelima makumi mbili kama kijana.

Huyu Evode wa Muheto hakustahili hata kuwa kazini. Meno yameisha, muguu mumoja anauburuta. Lakini karani aliyemuandika alimuuliza umri, naye akajibu kama wazee wanavyojibu, kwamba alizaliwa mwaka wa njaa. Njaa zimepita nyingi mu hii milima. Karani akachagua ile ya karibu. Mu kitabu cha Leta, Muzee Evode iko na miaka makumi tatu na saba, na nani ataenda kubishana na kitabu?

Mwezi wa kwanza wa metre alishindwa mara mbili, na mara mbili walimulaza mu kasho, kile chumba cha kufungia watu kule Masisi, chini, kwa sementi. Alitoka anakohoa. Njo pale ulianza. Ukimaliza kukagua kazi ya wote na watu wamerudi kwao, ulikuwa unabaki unalima metre nane za Evode. Kila siku ya kazi, mwaka muzima. Mikono yako ilitoka malengelenge. Nilikugombeza, siwezi kuficha mbele ya watu. Nilikuambia, "Kapita muzima unalima kazi ya muntu mwingine? Wakikuona, ni wewe utalala mu kasho!" Ukaniambia, "Mama Godelieve, ni nane tu."

Nane tu!

Ile wiki mvua ilinyesha siku tatu bila kupumuzika. Siku ya ine ikakatika, mukaenda kazini. Saa za alasiri mawingu yakarudi, ukamuambia Evode, "Rudi Muheto, muzee, mimi nitamaliza." Akaondoka. Hakufika hata kona ya pili, akasikia mulima unakatika nyuma yake. Alijua mahali ulikuwa. Mu dunia yote, yeye peke yake alijua.

Na alinyamaza.

Kulipokucha Kingi yote ilikuwa barabarani, na Muheto yote, mudogo wako Édouard mbele. Udongo ulikuwa umefunika barabara mahali parefu, mupaka mwisho wake ulipotelea mu ukungu. Fimbo yako ya metre tuliikuta imechomekwa upande wa huku juu, imesimama, safi kabisa. Tukasema kapita hawezi kuwa mbali na fimbo yake, na mimi, niliyejua unamulimia Evode, sikujua kipande chake cha siku ile kiko wapi. Tukachimba pale. Siku ine tulichimba pale. Mimi nilichimba na hii mikono. Édouard aling'oka kucha mbili. Na Evode alikuwa katikati yetu na jembe lake, anachimba mahali tunachimba, analia kuliko wote, mupaka nikamuhurumia. Nilimupa uji. Mimi, Agathe, nilimushikia na kikombe!

Siku ya tano walifika watu wa Leta, maana kamio zilikuwa zimepanga mustari pande zote mbili. Huku juu waliondoa udongo. Kule chini, upande wa bonde, ulikuwa mwingi, hawakuuondoa. Waliusawazisha, wakaushindilia siku mbili na mawe na magogo, wakapitisha barabara juu yake, metre ine upana, kama amri inavyosema. Kamio ya kwanza ilipita saa saba ya muchana. Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga, Mungu wangu, kwa sababu tulidhani wewe hauko kule.

Siku ya nane Evode alikuja hapa nyumbani akaanguka mbele ya mama yako.

"Mama, fimbo aliiacha juu, yeye alikuwa kule chini, kwa metre zangu," akasema. "Niliogopa kasho. Nilisema, labda ametoka mbele ya udongo kuanguka. Halafu siku zikapita, nikaogopa watasema mimi njo nimemuua."

Nyiraneza alimushika kichwa, akakaa naye pale chini. Mimi nilitoka nje nikapiga ukuta na ngumi mupaka Édouard akanikamata.

Siku ine, Papa Godelieve. Wakati sisi tulikuwa tunachimba huku, wewe ulikuwa kule. Watu wananiambia ulikufa mara moja, hukusikia kitu. Wanajua nini? Nani alikuwa na wewe? Kila asubui ninapowasha moto ninazihesabu zile siku, ninajiuliza kwa ya ngapi uliacha kutungojea. Siwezi kuacha kuzihesabu. Nimejaribu.

Tuliandika barua tatu kuomba ruhusa ya kukutoa. Kwa ile ya pili, muzungu wa barabara alikuja yeye mwenyewe. Ningependa kusema ni muntu mubaya, lakini alivua kofia, akasimama muda murefu. Alipima huku, akapima kule, akaandika. Halafu akaniambia, "Mama, ule udongo njo unaishikilia barabara. Tukiuchimba, barabara yote itaenda mu bonde." Édouard akasema tutachimba sisi wenyewe na tutairudisha barabara sisi wenyewe, jiwe kwa jiwe. Muzungu akatikisa kichwa. Barua ya tatu ilijibiwa mwezi uliopita. Hapana. Atakayeigusa barabara atafungwa.

Basi hatuna kaburi. Kilio chako hakijaisha, maana kwetu kilio kinamalizikia kaburini, na sisi twende tusimame wapi? Kamio inapiga honi, inabidi tutoke mu njia. Hubert aliniuliza kama barabara iko nzito. Nikamutuma maji. Padri anasema Mungu anajua mahali ulipo. Na mimi ninajua, na kujua hakujanisaidia kitu.

Mwalimu Edmond ananiuliza kama hapa niongeze neno la matumaini. Sina, mwalimu. Endelea kuandika.

Wanaokukumbuka ni mama yako Nyiraneza, ambaye hamenyi maharagi tena. Mudogo wako Édouard na muke wake Joséphine-Marie. Watoto wako Godelieve na Hubert. Makantonye wote wa kipande chako, ambao leo wako na kapita mwingine, anayepima sawasawa. Na Muzee Evode wa Muheto. Huyu ni mama yako njo amesema tumuandike. Nilikataa mara mbili. Nyiraneza alimugeukia mwalimu mwenyewe, mwalimu akaandika. Kila siku ya Mungu, Misa ikiisha, Evode anakuja anasimama kwa lupango yetu, nje ya uzio, mama yako anamupelekea maji. Mimi sijamusamehe, na nisisikie muntu anasema kwamba nimesamehe.

Na mimi Agathe Nyiramana, muke wako. Soko iko Masisi, na barabara ni moja. Mwanzoni nilikuwa nashuka mu bonde, napita mu matope na miiba, ili nisipite juu yako, mupaka siku niliteleza na Hubert tukakaribia kufa. Sasa tunapita pale kama watu wote, mimi mbele na kitunga mu kichwa, watoto nyuma. Hakuna siku tutakusahau, Papa Godelieve. Utusamehe tu miguu yetu.