Ndege ya Zaina

Jumanne, jioni

Kumbe ni kweli. Asubuhi Zaina amenitumia video kutoka Ulaya: ndege ndogo inaruka bila kuchoma mafuta. Hidrojeni inaingia kwenye kifaa walichotengeneza yeye na wenzake, inakutana na oksijeni, unatoka umeme wa kuzungusha propela. Moshi hakuna, ni maji tu.

Mama ameitazama mara tatu. “Huyu njo ule Zaina mwenye ulikuwa unafundisha kemia hapa nyumbani?”

Nikasema ndiyo. Alikuwa hawezi hata kusawazisha mlinganyo bila mimi. Vita hivi vya huku kwetu Kalemie vilipoanza, Zaina na familia yake walivuka ziwa kwenda Kigoma, baadaye akafika Ulaya; mimi nikabaki kumuuguza Papa, baba yangu. Kubaki sijuti. Lakini ile video imenichoma, na hongera bado sijamwandikia.

Mchana nilikuwa nafundisha hidrojeni, nikawaeleza wanafunzi habari za ndege hiyo. Msichana mmoja akauliza, “Madame, njo nani anaitengeneza?”

Jina lilikuwa mdomoni. Binti wa Kalemie, aliyekaa kwenye benchi hizi hizi. Wangefurahi sana.

“Wazungu,” nikajibu, nikageuka kufuta ubao.