Kahawa, Magadi na Watu wa Zege

Jumapili, Kimandolu. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati na Mlima Meru haujaonekana tangu katikati ya wiki. Maji ya bomba yanauma vidole. Mgongo nao unauma kama kawaida yake, lakini leo sikukaa hapa kuandika habari za mgongo.

Leo nimesafisha picha. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii iliyopasuliwa na saruji.

Nianzie pale nilipokasirika.

Tulikuwa tunajenga ghorofa Lemara. Jioni tuliyomaliza kumwaga zege la juu kabisa, tajiri alikuja na mpiga picha mwenye kamera kubwa kama kichwa cha mbuzi. Sisi bado tulikuwa tumeshika makoleo. Yule mpiga picha akanipungia mkono kama anafukuza kuku.

"Kaka, sogea. Unaharibu picha."

Nikasogea. Wote tukasogea. Akapigwa tajiri, akapigwa injinia, wakapigwa wageni waliovaa kofia ngumu ambazo hazijawahi kuangukiwa hata na tone la chokaa. Tumebeba ghorofa zima mabegani, halafu sisi ndio tunaoharibu picha.

Walipoondoka nikatoa kamera yangu kwenye mfuko wa plastiki. Nikawapanga wenzangu sita kwenye zile mbao za kupitishia toroli, zege bichi likiwa mbele yao, mimi nikiwa upande wa pili na jua mgongoni. Nikabonyeza. Mkanda ukaishia hapo hapo.

Najua mtauliza, si ungetumia simu? Simu ya kwanza niliitumia sana, mpaka siku moja iliponiponyoka mfukoni ikazama kwenye nguzo tuliyokuwa tunamwagia zege. Picha zote za mama yangu na za kwetu Kasulu ziko ndani ya nguzo ya mtu. Tangu siku ile nataka picha ya karatasi. Kitu cha kushika.

Kamera nilipewa na Mama Eliza, mjane anayekaa nyuma ya soko. Aliniita nimpigie lipu banda la kuku, nikakuta kuku ametaga chini ya mashine ya kukuzia picha. Zamani banda lile lilikuwa chumba cha giza cha marehemu mumewe, cha kusafishia picha.

"Yeye alipiga, mimi nilisafisha," aliniambia. "Jina kwenye bango lilikuwa lake. Chukua vyote, baba, kuku hawavihitaji."

Nikabeba kamera, ile mashine ya kukuzia, mkanda mmoja wa picha nyeusi na nyeupe uliosahaulika kwenye friji, kopo la kusafishia mkanda, mabeseni, taa nyekundu, bahasha ya karatasi za picha na kopo la dawa ya kushikisha picha isifutike. Dawa ya kuitoa picha, ile ya kwanza, ilikuwa imeoza, nyeusi kama lami. Mjini nilizunguka kuitafuta. Kijana wa duka la simu alinicheka mbele ya wateja. "Mzee wangu, hayo mambo ya makumbusho!"

Nimeishia darasa la saba, lakini kusoma najua. Nikasoma mtandaoni kwamba kahawa ya unga wa kopo, ikichanganywa na magadi na vidonge vya vitamini C vilivyosagwa, inatoa picha. Nikacheka peke yangu. Mimi niko Arusha, kahawa na magadi ndivyo vitakavyonishinda? Magadi nikanunua sokoni, yale ya mawe, ya kulainishia maharage. Nikayakaanga kikaangoni mpaka yakakauka na kuwa unga mweupe, maana walisema yakikauka yanakuwa makali.

Nilipomweleza Mama Eliza alishika kiuno. "Sasa wewe unapika picha au unapika makande?"

Jana nilipika. Maji niliyapasha kwenye jiko la mkaa kwa sababu ya baridi hii. Mkanda niliuingiza kwenye kopo nikiwa nimejifunika blanketi zito, jasho linanitoka, vidole vinapapasa gizani kama kipofu anayetafuta tundu la ufunguo. Nikamimina kahawa yangu, kisha dawa ya kushikisha; harufu sitaisimulia. Nilipoufungua na kuuinua kwenye mwanga, niliwaona. Wadogo kama kucha, nyuso zimetoka nyeupe, anga limetoka jeusi, yaani kila kitu kinyume. Lakini walikuwepo, wote sita.

Nikautundika mkanda kwenye kamba chumbani ukauke, nikafunga mlango, nikatoka kwenda kula kwa furaha.

Ujinga wangu ulikuwa dirishani.

Dirisha nililiziba kwa mifuko ya saruji, kwa sababu karatasi yake ni nene na ndiyo ninayoipata bure. Niliikung'uta, nikadhani inatosha. Upepo ukaitikisa, vumbi likashuka, mkanda ukiwa bado mbichi. Leo asubuhi nimeukuta umepigwa lipu. Mtu wa zege nimeitia picha yangu zege.

Sikulia. Nilitukana, peke yangu, kwa Kiha, maana Kiswahili hakikutosha.

Wale watu hawatasimama pamoja tena. Siku iliyofuata baada ya picha ile tuliambiwa kazi imekwisha. Singida, tuliyemwita kwa mkoa wake kama mimi ninavyoitwa Kigoma, amerudi kwao, Rehema aliyekuwa anatubebea maji nasikia yuko Babati, Saitoti simu haipatikani, wengine sijui hata niwaulizie wapi. Walikuwa na picha moja tu duniani na nilikuwa nimeitia vumbi.

Nikampigia Mama Eliza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Kigoma. Makande yameungua?"

Nikamweleza. Akasema kwa sauti ya mtu aliyewahi kuharibu na kutengeneza: "Rudisha kwenye maji. Uache ulowe. Usisugue, utamkwangua mtu uso. Kitakachotoka kitoke, kitakachobaki ni chako."

Nikauloweka. Nikautikisa taratibu kama mtu anayeosha macho ya mtoto. Kiasi kikatoka. Nikaukausha tena, safari hii dirishani nimetundika blanketi, mifuko ya saruji nimeitupa nje.

Mama Kaaya, mwenye nyumba, alikuwa kanisani na wapangaji wengine. Ijumaa alishanionya baada ya kuiona taa ikiwaka. "Taa nyekundu kwenye nyumba yangu? Watu watasema nimefungua gesti!" Kwa hiyo niliiwasha nikijua ninachokifanya.

Karatasi nyingi zilikuwa zimezeeka, zikatoka za kijivu tupu. Nikafika kwenye ya mwisho. Nikaimulikia kwa ile mashine, nikaizamisha kwenye beseni la kahawa na magadi. Kimya. Kisha kofia ya Singida ikaanza kujitokeza. Kisha meno ya Rehema.

Hapo hapo mlango ukagongwa. Mama Kaaya amerudi kutoka kanisani.

"Kigoma! Unachoma nini humo? Fungua!"

"Sifungui, mama."

"Nyumba ya nani hii?"

"Ya kwako, mama. Lakini nikifungua sasa hivi watu sita wanakufa."

Nikasikia, "Yesu wangu! Baba Joshua, njoo usikie huyu!"

Miaka yote hii tangu nitoke Kasulu nimefungua kila mlango nilioambiwa nifungue, na nimetoka kwenye kila mlango nilioambiwa nitoke. Leo nilisimama na beseni langu. Nikaihamisha karatasi kwenye dawa ya kushikisha, nikasubiri mpaka nilipoona inatosha, huku mlango unapigwa. Ndipo nikafungua.

Mama Kaaya ameshika kitabu cha nyimbo, Baba Joshua, jirani yangu, ameshika fagio. Nikawainulia picha, inachuruzika.

Mama akaitazama kwa muda. "Ndio hawa wanaokufa?"

"Hawajafa, mama."

"Na huyu binti anacheka nini na ndoo kichwani?"

"Tulikuwa tumemaliza kazi."

Akaangalia taa. Akasema nikiiwasha tena nitafute chumba kwingine. Nikamwambia taa haitoki, na nikihama nitahama nayo. Akasema, "Tutaongea." Najua maana ya tutaongea. Sijalifuta neno langu.

Sasa nimekaa na picha hii magotini. Ina madoadoa meupe pale saruji ilipogoma kutoka, kama wamesimama kwenye mvua ya mawe. Rangi imeingia ukahawia. Mpiga picha wa tajiri angeitupa.

Mimi nilidhani simo. Nilikuwa nyuma ya kamera. Lakini jua lilikuwa mgongoni kwangu, na kivuli changu kimelala juu ya zege bichi, kirefu, mikono imeinua kamera, kichwa kimefika kwenye miguu ya wenzangu.

Asubuhi naamkia kutafuta kibarua kingine, na jioni naanza kutafuta karatasi nyingine. Picha naibandika ukutani sasa hivi, juu ya kitanda. Ajaribu mtu kuja kuniambia nisogee.