Akija Mama'ko, Mwamkie kwa Sauti

Mwanangu Rahma,

Salamu kutoka Ibra. Sote wazima, alhamdulillahi. Zuwena wangu ameota meno, anatuuma sote.

Umeuliza kama umwambie dada yangu, mama'ko, asiseme Kiswahili akija kukutazama bwenini Nizwa. La, hasha! Nami nilikaa bweni kama hilo mwaka mmoja, wakati sisi weusi wa Kiswahili tulipokuwa wawili watatu tu kati ya Waarabu. Bibi yako alikuja kunitazama, nikambusu mkono: "Shikamoo, mama." Msichana mmoja wa Kiarabu akacheka: "Tazameni makhadimu wanavyoamkiana!" Makhadimu, yaani watumwa! Sisi!

Bibi yako akaniitikia kwanza, "Marahaba, mwanangu." Kisha akamgeukia yule kwa Kiarabu chake cha kuungaunga: "Hiyo marahaba si neno lenu? Au kwenu mama haamkiwi?" Msichana akatazama chini.

Basi mama'ko akija, mwamkie palepale mlangoni, kwa sauti, wasikie wote. Zuwena naye atasoma huko inshallah, na nataka akifika, masikio yao yawe yameshazoea.

Mama mdogo wako akupendaye,
Salma