Wifi, Natoka Damu

Rexdale, Toronto
9 Februari 2025

Wifi yangu Venantie,

Amani iwe kwako na kwa wote mnaolala chini ya paa lako hapo Kasulu. Mgongo wako unaendeleaje? Mvua imefika? Sisi huku tunapumua. Theluji imerundikana mpaka basi la barabara ya Kipling linakuja linapotaka. Binti yetu Mélissa anakusalimu. Kiswahili changu anakielewa chote, ila kujibu anajibu kwa Kiingereza tu.

Nakuandikia kwenye simu badala ya kukupigia kwa sababu siku hizi nikiongea, mdogo wako Leonce anakuja kusimama mlangoni kunisikiliza.

Wifi, natoka damu. Unajua siku zangu zilikatika zamani, mwaka wa kwanza tulipofika huku kutoka kambini, na sasa ni miaka sita. Kabla ya Krismasi nilikuwa kiwandani, tunapakia mikate, nikasikia joto mapajani. Nilidhani mkojo, maana umri nao una aibu zake. Kumbe damu, nyekundu kama ya msichana. Ikakoma, ikarudi. Juzi ililowesha shuka mpaka godoro, na Leonce akaiona.

Hakuuliza kama naumwa. Alisimama kando ya kitanda akasema, "Ilikuwa ya nani?"

"Ya nani nini?"

"Hiyo mimba uliyoitoa."

Nilicheka, wifi. Miaka hamsini na sita, mimba! Kicheko ndicho kilichoniponza. Alinizaba kofi nikaanguka juu ya shuka lilelile, akanikamata shingo, akanibandika uso kwenye damu yangu mwenyewe, niinuse nimtaje mwanamume. Mwanamke aliyekauka, anasema, hatoki damu bila kuguswa.

Daktari wangu ni mama mmoja Mwismailia, Daktari Farhat. Bibi yake alikuwa na duka Bukoba, basi naye anajikokota na Kiswahili cha jikoni. Aliniambia, "Mama, damu baada ya kukoma siyo ya kungoja." Picha imeonyesha ukuta wa kizazi umenenepa. Anataka wachukue kinyama kidogo kikapimwe, na huenda kizazi chote kikatolewa. Leonce amesema atakayemkata mke wake aanze kumkata yeye.

Wewe ndiye uliyemlea. Neno lako analisikia. Sema naye.

Wifi yako,
Prudence


Kasulu
2 Machi 2025

Wifi Prudence,

Salamu zako nimezipokea kwa mikono miwili. Mgongo ni uleule, nikiinuka shambani naona nyota mchana. Mvua tumepata. Mélissa mwambie shangazi yake anamngoja aje azungumze naye Kiswahili ana kwa ana, tuone kama atanikimbia.

Nimeongea na Leonce. Alilia kwenye simu, mwanamume mzima, shemasi wa kanisa. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akilia. Sasa nikuulize kama mwanamke kwa mwanamke, na usikasirike: hakuna mtu kweli? Hapo kiwandani mnafanya kazi wake kwa waume, na mdogo wangu hawezi kulia bure.

Kama hakuna, basi ni mambo ya mwili, yatapita. Lakini habari ya kutolewa kizazi, hapana. Kizazi si jino. Wakishakukomba tumbo utabaki nini, wifi, kama si gunia? Madaktari wa huko wanapenda visu kwa sababu wana dawa ya usingizi ya kutosha. Mwite mchungaji akuombee. Na mumeo akiwaka, wewe poa. Kofi moja halijabomoa nyumba ya mtu.

Nakuombea.

Wifi yako,
Venantie


Rexdale
20 Aprili 2025

Wifi,

Leo ni Pasaka, basi Pasaka njema. Afya yako sitaiuliza kwa maneno mengi, mkono wangu unauma.

Barua yako ilikuja kwenye simu yangu, na simu yangu siku hizi Leonce anaifungua kabla yangu. Alipofika pale ulipouliza kama "hakuna mtu kweli", aliisoma kwa sauti, mara mbili, nikiwa nakaanga samaki. "Hata dada yangu amejua," akasema.

Alinivuta nywele kutoka jikoni mpaka sebuleni. Alipiga kwa ngumi, na nilipoanguka akapiga kwa mguu, akiwa na viatu vya kazini vyenye chuma mbele. Hakupiga uso, alikuwa anatafuta tumbo. Kila nilipojikunja aliniviringisha kwa mguu ili tumbo lirudi juu, kama mtu anayegeuza samaki kwenye kikaango. Damu ilitoka kwa mabonge. Mélissa alikuwa kazini. Aliporudi alinikuta nasugua zulia.

Hospitali nilisema nimeanguka kwenye ngazi. Nesi aliniangalia, nami nikaangalia ukuta.

Mchungaji naye alikuja, kama ulivyoshauri. Walinilaza sakafuni. Leonce alinishika miguu, mchungaji akaweka viganja tumboni, palepale penye michubuko, akakandamiza kwa uzito wake wote ili pepo la uzinzi linitoke. Nilipiga kelele, wakasema ndiyo hilo linatoka.

Siku ya kuchukuliwa kile kinyama imepita, sikwenda. Leonce amechukua kadi yangu ya afya na sijui ameiweka wapi. Damu bado.

Kama unataka kunijibu, nijibu kwa namba ya Mélissa. Kama unataka kuniuliza tena habari za wanaume, usinijibu.

Prudence


Kasulu
18 Mei 2025

Mdogo wangu Prudence,

Sikuiti wifi leo. Shikilia moyo usome mpaka mwisho.

Niliyokuandikia mwezi wa tatu yafute. Haya ndiyo unayotakiwa kuyajua, na katika ukoo wetu hakuna aliyekuambia, kwa sababu tuliapishwa.

Mama yetu hakufa kwa homa. Tulikuwa bado Baraka, ng'ambo ya ziwa, kabla ya vita vilivyotufanya wakimbizi. Siku zake zilikuwa zimekatika, Leonce akiwa mziwanda wake, halafu akaanza kutoka damu, vilevile kama wewe, inakuja inakwenda. Baba akasema kuna mwanamume. Mama aliapa kwa Mungu, kwa wazazi wake, kwa watoto wake. Siku moja Baba alichukua mchi wa kutwangia muhogo, akampiga nao tumboni. Mimi nilikuwa shambani. Niliporudi nilikuta ukuta wa jikoni una damu mpaka kimo cha kiuno changu, na Mama amekaa, ameegemea kinu, anajaribu kunitabasamia. Leonce alikuwa amejibanza nyuma ya pipa la maji. Alikuwa ameona yote. Alikuwa na miaka tisa.

Mama hakuifikia Jumapili. Wazee wakasema itangazwe homa, na tukatangaza.

Kwa hiyo Leonce anajua. Anaona damu yako anamwona Mama, kisha anafanya alichofanya Baba. Usimhurumie kwa hilo. Mimi ni dada yake wa tumbo moja na simhurumii. Mtu aliyeona moto ukimla mama yake hawashi kiberiti.

Tafuta kadi hiyo. Nenda kapimwe. Wakisema kizazi kitoke, kitoke. Na usilale tena katika nyumba moja naye.

Dada yako,
Venantie


Kasulu
22 Juni 2025

Prudence, mdogo wangu,

Nimekuandikia, kimya. Namba ya Mélissa inaita mpaka inakatika. Leonce naye hapatikani. Simu ikiwaka naacha jembe naikimbilia. Hata kama ni neno moja, litume. Kama ni habari mbaya, mwambie Mélissa aniambie kwa Kiingereza, nitatafuta mtu wa kunisomea.

Venantie


Malvern, Toronto
27 Julai 2025

Dada Venantie,

Niko hai. Nakusalimu kwa mkono wa kushoto, Mélissa ndiye anayeandika ninavyosema, na nasikia anasoma kila neno kwa sauti ndogo kabla ya kuliandika. Tuko katika nyumba ya akina mama waliokimbia waume, upande mwingine kabisa wa jiji. Mtaa na namba ya nyumba haturuhusiwi kuvitaja, na namba ya zamani tuliambiwa tusiipokee, asije akatufuata; hii ni mpya.

Barua yako Mélissa alinichapia kwenye karatasi, nikaisoma chooni kiwandani. Kisha nikarudi nyumbani, nikapekua mifuko ya makoti yake yote, na kadi nikaipata ndani ya Biblia ya ushemasi. Nilikwenda kwa Daktari Farhat siku iliyofuata. Walichukua kinyama, kikapimwa. Ni saratani, dada. Ya ukuta wa kizazi, lakini changa, bado haijatoka nje. Daktari alinishika goti akasema, "Mama, hii tunatoa, unaishi."

Nilimwambia Leonce mezani, Mélissa akiwepo. Nilidhani jina la ugonjwa litamtuliza. Alisema ni Mungu ananilipa. Hapo nikasema, "Leonce, mama yako naye alitoka damu. Naye alikuwa mzinzi?"

Uso wake ulibadilika ukawa wa mtoto, nakwambia kweli, nilimwona mtoto wa miaka tisa. Halafu akaipindua meza.

Alinivunja mkono kwa mguu wa meza. Nilimpiga sahani usoni, ikampasua shavu, ndiyo, nilimpiga na sijutii. Akaniangusha akanikaba koo kwa mikono yote miwili, na damu ya shavu lake inanidondokea machoni. Nilisikia masikio yanaziba. Alikuwa anasema, "Nyamaza, Mama, nyamaza," na sijui kama alikuwa anasema na mimi.

Mélissa alimpiga kiti mgongoni. Pigo la kwanza hakulisikia. Akampiga tena mpaka kiti kikavunjika, akipiga kelele, "Muache mama yangu! Muache mama yangu, wewe muuaji!" Kwa Kiswahili, dada. Majirani wa ghorofa nzima walitoka. Polisi walimkuta Leonce amekaa sakafuni anatazama mikono yake. Walimtoa akiwa na soksi tu.

Yuko nje kwa dhamana, lakini amekatazwa kunikaribia mimi na mtoto. Kanisani wanasema nimemfunga mtumishi wa Mungu.

Upasuaji ni mwezi ujao. Naogopa. Uliniambia nitabaki gunia, ukalifuta, lakini neno halifutiki upesi hivyo. Kizazi hiki kilimbeba Mélissa na wale wawili niliowazika kambini. Ndiyo nyumba pekee waliyowahi kuishi. Niombee.

Mdogo wako,
Prudence


Kasulu
3 Agosti 2025

Prudence wangu,

Nimelia, nimeamka, nimelima, nimelia tena. Huku tu wazima, ila mimi nimekonda.

Leonce amenipigia kwa namba ngeni. Anataka nikuombe ufute kesi. Aliniambia, "Dada, wewe ndiye mama yangu." Nikamwambia, "Mama yako yuko kaburini Baraka, na unajua nani alimpeleka. Wewe ulitaka kuchimba la pili." Akasema anajichukia. Nikamwambia akayaseme hayo mbele ya hakimu, si mbele yangu. Kisha nikakata simu, nikakaa chini mlangoni. Nilimbeba mgongoni yule, Prudence. Nampenda na sitaki afike ulipo.

Neno langu la gunia, jibu lake ni hili: wale watoto wawili walikwisha kutoka humo, nawe bado ni mama yao. Nenda kakatwe upone.

Dada yako,
Venantie


Malvern
14 Septemba 2025

Dada yangu Venantie,

Nakusalimu kwa mkono wangu mwenyewe, wa kulia. Plasta wametoa. Mahindi umeyavuna?

Nimetolewa kizazi, na mirija, na vifuko vya mayai. Daktari wa upasuaji anasema saratani haikuwa imevuka. Sihitaji dawa kali, nitakuwa napimwa tu. Nilipozinduka niliweka mkono tumboni nikangoja kujisikia mtupu. Nilichosikia ni njaa. Mélissa alinipikia uji, akauunguza, nikaunywa wote.

Sasa kesi. Nitakwenda kusema. Wanasema nitapewa nafasi nieleze mwenyewe, na mkalimani atakuwepo. Nataka kuanza na mama yako. Si kumtetea Leonce, wala si kumwongezea kifungo. Nataka tu mahali pamoja duniani pasemwe wazi alivyokufa. Lakini miaka yote nimemsikia akiitwa Mama Venantie, basi. Nitumie jina lake kamili.

Mdogo wako,
Prudence


Kasulu
15 Septemba 2025

Mdogo wangu,

Mungu ashukuriwe kwa njaa yako.

Aliitwa Felista Bitondo, binti Mmunga, wa Baraka. Tamka polepole, mkalimani asije akalikosea.

Dada yako,
Venantie