Vidonge Vyekundu vya Mama Ryan

Jumatatu, 3 Machi 2025

Presha ya mume wangu, Baba Mutie, imeshuka. Wiki tatu za vidonge vipya, na mashine inasoma vizuri. Lakini miguu! Imeumuka kama unga wa mandazi. Mchongaji kama yeye hukaa chini na kukibana kigogo kwa nyayo, mkono upate nafasi ya kupiga tezo. Leo kigogo kimemponyoka mara tatu. Amerudi saa sita mchana, akakaa kitandani. Kliniki walimwambia miguu ikivimba arudi. Harudi. Mkaidi huyu, nimfanye nini?

Alhamisi, 13 Machi

Jirani yetu Mama Ryan alituletea vidonge vyekundu vya maumivu juzi. Eti kiwandani kwao kila mtu anameza na kazi inaenda. Nikampa Baba Mutie — kimoja asubuhi, kimoja jioni. Leo amechonga siku nzima. Amerudi akinitania kwamba nimefungua hospitali hapa mtaani Tassia. Nilicheka. Muda mrefu sijacheka hivyo.

Jumapili, 23 Machi

Kiungulia. Kanisani alishika kifua tangu wimbo wa kwanza. Chapati hakugusa. Anasema ni vidonge vya presha, maana kiungulia kilianza navyo. Nikakubali upesi. Vyekundu vinampeleka kazini, vya presha vinamrudisha. Nimevifunga vya presha kwenye gazeti, nikavitupa.

Ijumaa, 28 Machi

Miguu imepungua. Tumevisifu vyekundu. Tumbo bado linamkata.

Jumanne, 1 Aprili

Ameanguka kazini. Andati, anayechonga naye, ndiye aliyemfikisha hospitali. Kumbe siku tatu anaenda choo cheusi kama lami na ananificha! Kidonda cha tumbo, kinavuja damu. Presha imepanda kuliko mwanzo.

Daktari ni msichana mpole. Alitueleza polepole: vile vya presha hulegeza mishipa, ndiyo maana miguu huvimba. Hulegeza hata mlango wa juu wa tumbo, asidi ikapanda kifuani. Kuchoma vinaweza kuchoma. Lakini kidonda kama hiki, yeye anashuku dawa za maumivu.

Kwa hiyo miguu ilipungua kwa sababu nilitupa dawa yake. Na ile ya kumtoboa tumbo nikaendelea kumpa kwa mkono wangu, na maji ya vuguvugu.

"Mzee, kuna dawa nyingine umekuwa ukimeza?" daktari akauliza.

"Hakuna," akasema, huku akinitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Jumatano, 2 Aprili

Jana daktari alipotoka, Baba Mutie alinishika kiganja. "Kavutha, kesho niletee vile vyekundu. Jumatatu lazima niwe kazini. Ukimwambia huyo msichana, umenizika."

Nimekuja navyo. Viko ndani ya mkoba, chini ya chupa ya uji. Miaka ishirini na sita ya ndoa sijawahi kumgeuka mbele ya watu. Nina hasira naye, na nina hasira zaidi na mimi mwenyewe. Nikisema yote, watamrudishia vya presha, miguu itavimba, na bila kuchonga huyu si mtu tena. Nikinyamaza, damu. Sioni pa kutokea.

Niko kwenye benchi nje ya wadi. Daktari amepita sasa hivi. Aliuliza mbona siingii. Nikamwonyesha chupa ya uji. Akasema leo mgonjwa haruhusiwi hata tone, nimngoje, anakuja tuzungumze.

Mlango uko wazi. Baba Mutie ameniona. Amenyoosha mkono kuelekea mkoba wangu.