Nilivyoogopa Kumzaa Mtoto Kama Wewe

Mpendwa kaka Elia,

Shikamoo. Vijana wa Marangu walikuwa wakikupita njiani bila kukuamkia, eti wewe ni mtoto siku zote. Nawe ulisimama katikati ya njia, mikono kiunoni, ukawangoja mpaka waseme.

Ulizaliwa na macho yaliyoinuka pembeni na ulimi mzito, hali ambayo kijijini waliipa majina mengi, yote mabaya. Baba alisema hutafaa kwa kazi. Lakini msimu wa kahawa hakuna aliyekushinda. Ulichuma nyekundu tupu, hukutia hata mbichi moja kwenye kikapu, huku ukiimba pambio lilelile tangu asubuhi.

Kuna jambo sikuwahi kukuomba radhi. Siku wakwe walipoleta mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa ajili ya posa, nilikuambia ukae jikoni. "Usitoke mpaka nije." Niliogopa wakikuona wataanza kuulizana juu ya damu yetu. Wageni walikula, wakanywa, nikawasindikiza hadi barabarani nikicheka. Mama ndiye aliyekukuta jioni, umeketi kwenye kigoda, moto umeshazimika. Ulimwambia, "Bado hajaja."

Miaka minne baada ya harusi yangu moyo wako ulichoka, tukakuzika kihambani, kwenye migomba ya nyumbani. Mwaka uliofuata nikapata mimba, nikiwa na miaka thelathini na tisa. Kliniki mjini Moshi daktari, mama mmoja mpole, aliuliza kama kwetu kuna aliyezaliwa na ulemavu. Mume wangu ndiye aliyejibu: "Alikuwepo. Shemeji yangu."

Daktari akatueleza kwamba Nairobi kuna kipimo. Wanachoma sindano tumboni, wanachota maji kidogo anamokaa mtoto. Mara chache mimba huharibika.

"Wakikuta yuko hivyo, wanamtibu?" nikauliza.

"Hapana. Mtajua tu, halafu mtaamua."

Mama mkwe alitaka twende. "Mkizeeka, nani atamlea?" Hakusema kwa ubaya, kaka. Hata mimi swali hilo lilininyima usingizi. Mume wangu alisema atafuata nitakalo, na hapo nikajiona mpweke kuliko kama angenilazimisha.

Nikapanda Marangu kwa mama. Nilimkuta akimkatia ng'ombe majani, akanisikiliza bila kuweka panga chini. Nilitegemea aniambie mtoto ni zawadi ya Mungu. Badala yake alisema, "Mimi hakuna aliyeniuliza. Wangeniuliza wakati ule, ningekataa kumzaa. Kwa maneno ya watu tu, maana yeye nilikuwa simjui." Akakata mafungu mengine mawili. "Sasa wewe unamjua. Amua ukiwa unamkumbuka yeye, usiamue ukiwakumbuka watu."

Hatukwenda Nairobi. Usidhani ulikuwa ushujaa. Wapo waliokwenda, na siwezi kuwahukumu, kwa kuwa hofu yao naijua vizuri. Mimi mwenyewe nililala na kuamka nayo mpaka siku ya kujifungua. Mkunga aliponipa binti yangu, kabla sijambusu nilimtazama macho. Yalikuwa kama ya baba yake. Nikashusha pumzi, na papo hapo nikaona aibu, kana kwamba ulikuwa umesimama mlangoni unaniona. Waliokuja kunipongeza walisema, "Mungu amekuepushia." Nikaitikia asante. Hilo nalo nisamehe.

Wiki iliyopita Neema, mke wa jirani yetu, alijifungua mtoto wa kiume mwenye hali yako. Siku tatu hakuna aliyebisha hodi kwake. Nilimpikia mtori, supu ya ndizi ya mzazi, nikaenda. Nilimkuta amemfunika mtoto hadi usoni, ingawa kulikuwa na joto. Nikamwomba nimshike, nikafunua khanga. Alikuwa na vidole vifupi, vinene, na alikamata changu akakibana kweli.

"Dada, wewe huogopi?" Neema akauliza.

Nikamwambia nina kaka. Nilisema *nina*, sikusema nilikuwa naye. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Yukoje?"

Tangu nihamie mjini hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, kaka, wala sikuwahi kumpa mtu nafasi ya kuuliza. Nikavuta kiti. Nilimsimulia habari zako mpaka mtori ukapoa, naye Neema akaula hivyohivyo wa baridi, akisema, "Endelea."

Pumzika salama, kaka.

Mdogo wako